Makamu Mwenyekiti Alikuwa Jikoni

Mwanangu Elibariki,

Umetoka kwenda kunyoa na kuaga wenzako, na ninavyokujua, ukisema unarudi baada ya nusu saa mimi ninazo saa tatu nzima za kukaa peke yangu hapa mezani. Baba yako yuko nje anafunga kamba kwenye begi ambalo halina haja ya kamba. Nimechukua daftari langu la kazini nikuandikie, kwa sababu haya nikikueleza kwa mdomo utanikatiza, na mimi nikikatizwa napandisha sauti, halafu kesho tutaagana tumenuniana.

Mambo ya kula vizuri, ya kufua nguo, ya kupiga simu nyumbani na ya kutokaa dirishani kwenye basi usije ukapigwa na upepo, hayo yote baba yako atakuambia stendi. Ni kipaji chake, sitaki kumpokonya. Mimi nataka tuzungumze juu ya lile neno ulilolisema juzi tukila chakula cha mchana.

Barua yako ya kazi ilipofika nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna posa. Mwanangu anakwenda Dodoma, kwenye ofisi ile ile ninayoitumikia hapa mkoani miaka yote hii, ofisi ya kukagua kama serikali imewafanyia wananchi ilichosema itawafanyia. Ukaisoma aya ya kwanza kwa sauti, ukisimama kama mbunge. Kisha ukasoma ya pili kimya kimya. Walikuwa wamekupanga kwenye timu inayohakikisha kwamba kila ukaguzi, uwe wa maji, wa zahanati au wa mashamba, unauliza pia habari za wanawake na wanaume, watu wenye ulemavu, wazee, wafugaji wa pembezoni, na wengine ambao huwa hawaulizwi. Ukaiweka barua chini ya sahani, ukasema, "Mama, miaka minne nasomea ukaguzi, leo wananitupa kwenye mambo ya akina mama. Nikifika naomba wanihamishie timu ya barabara."

Baba yako akacheka. Mimi nikameza tonge langu nikanyamaza, na tangu juzi unanizunguka ukidhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Nilinyamaza kwa sababu neno hilo nalijua. Nililisema mimi mwenyewe, karibu vile vile ulivyolisema wewe, na mimi ni mwanamke.

Ulikuwa darasa la pili. Tulikuwa wakaguzi wanne, wanaume watatu na mimi, na kiongozi wetu alikuwa Bwana Senkoro, yule aliyekuwa akikuletea ubuyu kila akitoka safari. Tulitumwa kukagua miradi ya maji vijijini. Kijiji ninachotaka kukusimulia kiko upande wa Ikungi, unapita Ihanja, mbele kidogo unaiacha lami. Jina lake silitaji, wenyewe wanajijua na mambo yao wameshayatengeneza.

Asubuhi ile kabla hatujaondoka Singida Mjini, Bwana Senkoro aligawa maswali. Wenzangu wakapewa kisima, pampu, tangi na mkataba wa mkandarasi. Mwishoni kabisa mwa dodoso lilikuwa limechomekwa swali moja jipya: je, kamati ya maji ina wajumbe wanawake, na wanashiriki? Hilo akanipa mimi. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Kumbe kwa kuwa navaa gauni basi kazi yangu ni wanawake! Nikasema ndani ya gari, kwa sauti, ili wasikie wote, "Sikusomea mambo ya akina mama, nilisomea ukaguzi." Wakacheka, na mimi nikaapa moyoni kwamba swali lile nitalimaliza haraka niwahi kwenda tangini na wanaume.

Tulipokewa vizuri mno. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa ofisi ya kijiji, kitabu cha wageni kimefunguliwa, kalamu juu yake. Nikaomba mihtasari ya vikao vya kamati ya maji. Mtendaji wa kijiji akaniletea faili safi, limepigwa mhuri kila ukurasa. Katika kila kikao wanawake walikuwa nusu ya wajumbe kama inavyotakiwa, na mbele ya kila jina palikuwa na sahihi au alama ya dole gumba. Hata makamu mwenyekiti alikuwa mwanamke, jina lake Zaituni.

"Huyu makamu mwenyekiti yuko wapi, niongee naye?" nikauliza.

"Yupo hapa hapa, mheshimiwa," mtendaji akasema. "Ana kazi kidogo. Atakuja."

Nikaweka alama ya vema.

Chakula kikaja. Wewe mtoto wa Singida huhitaji kuambiwa kilikuwa chakula gani: kuku wa kienyeji, ugali wa uwele, na mlenda pembeni kwa wanaoupenda. Mama mmoja akaja na jagi na beseni, akapiga magoti mbele ya kila mgeni. Alinizidi mimi miaka kumi na zaidi. Akanimwagia maji polepole, polepole mno, mpaka nikakung'uta mikono ili ajue inatosha, nikasema "asante," nikageuka kuendelea na mazungumzo ya pampu. Sikumwamkia. Mimi, niliyekuchapa ukiwa na miaka mitano kwa kumpita bibi yako bila shikamoo, nilinawishwa na mtu mzima aliyepiga magoti na sikumwamkia, kwa sababu siku ile nilikuwa mheshimiwa mkaguzi.

Baada ya kula tukaenda kwenye kituo cha kuchotea maji. Kilijengwa imara, juu ya jukwaa la saruji lenye ngazi tatu, bomba limeinuliwa juu. Nilikunjua mchoro wa ujenzi, nikapima unene wa mabomba, nikaona kila kitu kiko sawa. Nikaandika: hakuna hoja, yaani sikuona kasoro ya kuripoti. Kisha, bila kuombwa na mtu, nikaongeza mstari wa kwangu: wanawake wanashiriki kikamilifu katika uongozi wa mradi. Niliupenda mstari ule. Bwana Senkoro aliusifu.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nililibeba miaka minne bila kujua kwamba nimelibeba.

Ulikuwa darasa la sita shangazi yako alipoolewa. Nilitumwa Ihanja kutafuta mafuta ya alizeti ya harusi. Kando ya barabara akina mama walikuwa wamepanga chupa zao, na mmoja wao akawa ananitazama tu, hata kuniita mteja hakuniita. Nikamsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umeniamkia."

Nikadhani amenifananisha na mtu. Nikamwambia hivyo.

"Sijakufananisha. Si wewe mkaguzi uliyekuja kwetu kukagua maji? Mimi ndiye niliyekunawisha. Mimi Zaituni."

"Zaituni makamu mwenyekiti?"

"Ndiye huyo huyo. Nilikuwa jikoni."

Akacheka, Eli. Alicheka kweli, bila kinyongo, akanipangusia ndoo niikalie. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na mafuta ya harusi.

Akanieleza. Siku ya kikao cha kamati, wajumbe wanawake ndio wapishi. Wanaume wakishamaliza kikao, daftari huletwa jikoni, kila mwanamke anafuta mkono kwenye kitenge na kuweka dole. Siku tuliyokwenda sisi, yeye alikuwa amejiandaa wiki nzima na maneno ya kutuambia. Asubuhi mtendaji akamwambia, "Mama Zaituni, hawa wageni ni wakubwa, na mkono wako wa kupika unajulikana." Basi akaenda kupika. "Lakini niliposikia mkaguzi mmoja ni mwanamke," akaniambia, "nikasema Mungu mkubwa. Nikawaomba wenzangu niwanawishe wageni mimi. Nikakumwagia maji taratibu, nangoja uniulize hata jina tu. Ukakung'uta mikono."

Nilimuuliza, miaka minne baadaye, alitaka kuniambia nini. Akanihesabia kwa vidole. Kituo kilikuwa kinafunguliwa jua likiwa limeshapanda, kwa sababu mhudumu anapeleka kwanza ng'ombe wake malishoni, na saa hiyo wanawake wameshakwenda shambani na watoto wameshakwenda shule. Saa sita kinafungwa. Kwa hiyo wanawake walikuwa bado wanafukua maji kwenye mchanga wa korongo, kama mama zao, huku bomba jipya liko nyuma yao. Bomba lenyewe liliinuliwa juu ili mapipa ya kwenye mikokoteni ya punda yajae kirahisi, na wenye mikokoteni ndio walitangulia kila siku. Na alikuwepo Petro, fundi viatu, anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungushwa kwa mikono. Anakaa karibu na kituo kuliko mtu yeyote kijijini, na hakuwahi hata siku moja kuchota kwa mkono wake, kwa sababu ya zile ngazi tatu.

Ngazi nilizozisifu kwa uimara wake.

Nilirudi nyumbani nina aibu ambayo sikuwahi kuipata kazini. Kukosea hesabu kila mkaguzi amekosea. Hii ilikuwa nyingine. Nilikuwa nimetumwa kumsikiliza mtu mmoja, akapiga magoti mbele yangu, nikala alichokipika, nikaondoka na kuandika kwamba anasikilizwa.

Kosa la pili lilikuja mbio nyuma ya la kwanza. Nilimwandikia Bwana Senkoro kurasa tatu za hasira. Niliandika dhuluma, niliandika unyanyasaji, nilipigia mistari chini. Akaniita ofisini, kurasa zangu ziko mbele yake.

"Mama Eli, huu ni uchungu," akasema. "Uchungu siyo hoja. Kigezo kiko wapi? Ushahidi uko wapi? Mtu mmoja amekusimulia barabarani ukinunua mafuta."

"Kwa hiyo unasema mama wa watu amedanganya?"

"Nasema hujakagua."

Nilimchukia wiki nzima. Salamu nilimpa, ila za mdomoni tu. Lakini alikuwa na haki, na nataka ulishike hili, maana wewe una moyo mwepesi kama wangu: mtu aliyeonewa hafaidiki na machozi ya mkaguzi. Anafaidika na karatasi ambayo mhandisi wa wilaya hawezi kuipangua.

Nikasubiri. Ulipokuwa kidato cha pili ukaja ukaguzi mwingine wa maji, huu wa kuangalia kama miradi inawafaa waliojengewa. Bwana Senkoro alipoanza kugawa kazi nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Nipe lile swali la mwisho."

Akanitazama juu ya miwani. "Lile ulilolikataa?"

"Lile lile."

Tulirudi kijijini. Safari hii nilijiona mjanja. Nikaomba kikao cha wanawake peke yao, darasani, bila mtendaji wala mwenyekiti wa kijiji. Wakajaa madawati yote. Wakasema, na daftari langu likajaa. Nilipotoka nje nilikuwa naelea. Petro alikuwa mlangoni kwenye baiskeli yake, kiatu cha mtu mapajani, anashona.

"Mkaguzi, umemalizana na akina mama?"

"Nimemaliza, Petro."

"Haya. Mimi siyo mwanamke. Kwa hiyo sina kiu?"

Nilicheka kwanza, halafu kicheko kikanikauka. Nikafungua daftari nikaangalia ni nani hasa waliosema. Mke wa mtendaji. Walimu wawili. Mwenye duka. Zaituni, kwa sababu nilimlazimisha. Wale akina mama wa wafugaji wanaokaa mbali huko mbugani walikuja, walikaa karibu na mlango na watoto mgongoni, wakasikiliza Kiswahili chetu cha haraka haraka, wakaondoka hawakutia neno. Nilikuwa nimewaweka wanawake wote kwenye kapu moja, nikalifunga, nikaona nimemaliza kazi. Hilo lilikuwa kosa la tatu, na nalihesabu kuwa baya kuliko la pili kwa sababu nililifanya nikiwa najisifu.

Nikamwendea Bwana Senkoro nikamwomba siku tatu zaidi. Sikutaka vikao tena. Nilitaka tukae pale kwenye bomba tangu alfajiri, tuandike tunachokiona, na tumtafute mtu anayejua lugha ya wale wafugaji tuwafuate kwao. Alilalamika. Alisema ana mgongo. Alisema upepo wa Singida mwezi wa sita haukumfuata yeye kijijini kwao na haoni kwa nini yeye aufuate. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri alikuwa amekaa juu ya jiwe, koti mpaka shingoni, saa mkononi na daftari magotini.

Siku ya kwanza aliandika tu. Wakaja akina mama na ndoo, wakakuta kufuli, wakaangalia jua, wakashika njia ya korongo. Wakaja watoto wa shule, wakakuta kufuli. Akaja mama mmoja wa wale wafugaji, wa Kibarabaig, na punda wake na madumu, ametoka mbali, miguu yote vumbi, akakuta kufuli, akakaa chini, akangoja, halafu akamgeuza punda. Bwana Senkoro akaandika saa ya kufika na saa ya kuondoka. Siku ya pili mwenyewe alikwenda na yule mama na mkalimani mpaka kwake, akarudi mchana, akaniomba maji ya kunywa, akayatazama kabla ya kuyanywa.

Siku ya tatu akaja Petro. Kituo kilikuwa kimeshafunguliwa. Alisimamisha baiskeli chini ya zile ngazi, ndoo mapajani, akangoja. Mkokoteni ukajaza ukaondoka. Mwingine ukajaza ukaondoka. Bwana Senkoro akainuka kumsaidia, nami nikamshika koti.

"Kaa, mzee. Sisi ni wakaguzi. Andika amengoja muda gani."

Unaweza kunihukumu kwa hilo, mwanangu, mimi mwenyewe nilijihukumu. Lakini tulikaa, akaandika, mpaka mtoto mmoja mpita njia akaichukua ndoo ya Petro na kumjazia. Bwana Senkoro akafunga daftari, akaenda kwenye gari, akarudi na mchoro wa ujenzi, akaukunjua juu ya boneti. Kidole chake kikatembea polepole, kikasimama. Pembeni mwa ngazi tatu palikuwa na mstari mwembamba wa kalamu na maneno madogo: mteremko wa kupandishia kiti cha magurudumu. Ulichorwa. Ulipitishwa. Ulikuwa ndani ya mkataba. Haukujengwa, na mtu alitia sahihi kwamba kila kitu kimekamilika. Nami niliushika mchoro ule ule kwa mikono yangu miaka ile, nikapima unene wa mabomba.

"Mama Eli," akasema Bwana Senkoro, "hii ni hoja."

Nilifurahi kama siku nilipokuzaa. Nisamehe, ndivyo ilivyokuwa.

Sasa ngoja nikupe siku ya kikao cha kufunga ukaguzi, maana kwa ajili ya siku hiyo ningeweza kuifanya kazi hii bila likizo mpaka nizeeke. Walikuja wote: serikali ya kijiji, diwani, mhandisi kutoka wilayani na watu wake. Ofisi ikajaa mpaka madirishani. Harufu ya chakula ilikuwa imeshaanza kuingia, na mtendaji, kwa mazoea tu, wala siyo kwa ubaya, akageuka akasema, "Mama Zaituni, hebu katazame jikoni."

Zaituni akaanza kuinuka.

"Samahani, mtendaji," Bwana Senkoro akasema. "Leo wakaguzi hatuli. Makamu mwenyekiti, njoo ukae hapa mbele. Nina maswali, na mwenye majibu ni wewe."

Zaituni akatazama kushoto, akatazama kulia, akapita katikati ya magoti ya wanaume, akakaa. Bwana Senkoro akamwamkia, mbele ya watu wote, kisha akauliza swali la kwanza, la saa za kufungua. Zaituni alianza kwa Kiswahili, pole pole. Alipofika kwenye korongo moto ukampanda akahamia Kinyaturu, na mwandishi wa kikao akabaki na kalamu hewani. Aliyejitolea kutafsiri alikuwa mke wa mtendaji, na kila akimaliza kutafsiri akawa anaongeza na ya kwake. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja nikijifanya natafuta kitu mkobani.

Mhandisi akajaribu kubisha. "Lakini mihtasari ipo. Wanawake wamehudhuria vikao vyote na sahihi zao zipo."

Bwana Senkoro akafungua faili, akachagua kikao kimoja. "Mama, siku ya kikao hiki cha kupanga saa za kufungua maji, ninyi wajumbe wanawake mliamua nini?"

Zaituni akafikiri. "Siku hiyo tuliamua kuchinja majogoo wawili."

Ofisi nzima ilivunjika mbavu. Mhandisi mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani, na alipoivaa tena akasema haya, nimeelewa, tuandike. Hakuna aliyebisha tena siku ile. Petro aliongea kupitia dirishani kwa sababu ofisi nayo ilikuwa na ngazi, na hilo nalo likaandikwa.

Sikufichi, makao makuu walikuwepo waliotaka sura tuliyoandika juu ya mambo haya iondolewe kwenye taarifa. Waliuliza inahusiana nini na mradi wa maji. Bwana Senkoro akawajibu kwamba mradi ulijengwa ili watu wachote, na sisi tumekwenda kuona nani anachota. Sura ikabaki. Nilipoiona imechapwa niliipapasa kwa mkono kama kitambaa kipya.

Mteremko ukajengwa. Bomba jingine likawekwa chini, la ndoo. Kituo kikaanza kufunguliwa alfajiri na tena jioni, na ufunguo akapewa Petro, ambaye ndiye mhudumu mpaka leo na hachelewi hata siku ya mvua. Kamati ilipochaguliwa upya uchaguzi ulifanyika pale pale kwenye bomba, wenye ndoo wakiwa kwenye foleni, na Zaituni akawa mwenyekiti. Na ofisi yetu, taratibu, kwa mabishano mengi kuliko ninavyoweza kuandika hapa, ikakubali kwamba kila timu iulize maswali yale, iende saa inayowafaa watu na mahali walipo, iulize nani hayupo, na isile. Halafu wakaunda timu ya kuwafundisha na kuwasimamia wengine wote. Hiyo ndiyo uliyopangiwa. Sikumwomba mtu, naapa, hata mimi nilishangaa pale mezani kama wewe.

Unaitaka timu ya barabara. Sina neno na barabara. Ila siku utakapokagua barabara iliyochongwa vizuri na mtaro wake mzuri wenye kina, utafika mahali bibi mmoja ameshindwa kuuvuka mtaro huo kwenda zahanati, na utakuwa unahitaji maswali haya haya. Wewe ni kijana mrefu, umesoma, unapendeza, usinune, ni mama yako anasema. Popote utakapoingia watakuletea kiti na kukuita mheshimiwa. Mimi kiti kile kilinifanya nisione kitu na nilikuwa mwanamke mwenzao. Sijui kitakufanyaje wewe.

Leo asubuhi nilimpigia simu Zaituni kumwambia kwamba mwanangu anasafiri kesho kwenda kuanza kazi. Alipiga kelele za furaha mpaka nikaitoa simu sikioni. Kisha sauti ikashuka.

"Aje hapa kwanza," akasema. "Aje anikague mimi."

"Ukaguliwe kwa lipi, mama?"

"Wale akina mama wa wafugaji wanasema tangu niwe mwenyekiti nawapendelea watu wa kwetu. Wanasema zamu zao nazipanga mwisho. Mimi najiona sifanyi hivyo, lakini na mtendaji alijiona hafanyi hivyo. Mwambie asije kunihurumia. Aje na maswali, aanzie kwao, halafu ndio aje kwangu."

Unaona, Eli? Mwanamke aliyengoja kuulizwa jina lake sasa ana cheo, na kitu cha kwanza anachokiomba ni akaguliwe. Katika kazi yangu yote sijashinda ushindi mkubwa kuliko huo, na nimeushinda nikiwa nimekaa kwenye kochi na kanga ya kulalia.

Nikamjibu, "Atakuja, mama. Lazima atakuja."

Nilipokata simu ndipo nikatambua nilichokifanya. Nimekuahidi kwa watu, nimekuamulia kazi yako na timu yako, na wewe mwenyewe hukuwepo. Niliyeandika kurasa zote hizi bado naweka alama ya vema kabla ya kumsikia mtu. Kwa hiyo, mwanangu, nakuuliza wewe, na jibu lako nitalipokea lolote liwe, hata likiwa barabara: unasemaje?

Mimi mama yako, ninayekusikia unaingia getini sasa hivi na kichwa kimenyolewa vibaya.